Kichocho Visiwani: Nani Alipimwa, Nani Alisahauliwa



Kila msimu wa harusi tunaandika hapa juu ya magauni, hina, udi na vijora. Leo tutaomba radhi, tuzungumze jambo zito kidogo. Limetufikia dukani kwetu, na tumeona kulinyamazia si uungwana.

Mwaka mmoja baada ya kumshonea gauni la harusi, dada mmoja alirudi dukani nalo likiwa limekunjwa vizuri ndani ya mfuko. Tulidhani anataka lipanuliwe. Kumbe alitaka tumuuzie. "Nimerejeshwa kwetu," alisema, akakaa kwenye kiti cha wateja akalia. Tangu usiku wa kwanza alikuwa akiona damu baada ya tendo la ndoa, na maumivu chini ya kitovu. Alikwenda zahanati, akapewa dawa za maradhi ya zinaa. Hazikusaidia, akapewa tena. Mume akahesabu moja na moja: yeye mwenyewe mzima, basi maradhi kayaleta nani? Maneno yakatoka, na talaka ikafuata.

Baadaye daktari mwingine alimuuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza: "Ulikulia wapi, na maji ya kufulia mlikuwa mkiyapata wapi?" Alikulia kijijini Pemba, akifua na kuoga mtoni na wenzake. Maradhi yake yalikuwa kichocho. Aliingia nayo ndoani akiwa msichana safi asiyejua lolote. Alitibiwa, lakini ndoa haikurudi. Ametupa ruhusa tuyaandike haya bila jina lake.

Tulijiuliza: visiwa vyetu vimepigana na kichocho miaka mingi mno, pamoja na wageni wakubwa, wizara, masheha, walimu na maimamu. Imekuwaje dada huyu apite katikati ya vita vyote hivyo bila kuonekana? Ili kujibu, inabidi turudi nyuma kidogo.

Maradhi ya zamani

Kichocho kinaletwa na mnyoo mdogo. Daktari Mjerumani Theodor Bilharz ndiye aliyemgundua, mjini Cairo, mwaka 1851. Mwaka 1915, huko huko Misri, Mwingereza Robert Leiper alionyesha kwamba mnyoo huyu hawezi kuishi bila konokono wa maji baridi. Mtu mwenye maradhi akikojoa mtoni au bwawani, mayai yanaanguliwa majini na vijidudu vinaingia ndani ya konokono. Baada ya wiki kadhaa vinatoka vikiwa vingi, vinaogelea, na vinapenya ngozi ya yeyote aliyesimama majini. Dakika chache zinatosha. Humwoni wala humsikii.

Kwetu konokono huyo anaitwa Bulinus globosus. Anapatikana Pemba, na Unguja anapatikana sehemu za kaskazini na kati. Kusini na mashariki ya Unguja, kwenye ardhi ya mawe ya matumbawe, hayupo. Ndiyo maana dada wawili wa umri mmoja, mmoja wa Makunduchi na mmoja wa Kinyasini, wanaweza kukua kisiwa kimoja lakini wakawa na hatari tofauti kabisa.

Katika miaka ya 1980, kabla ya mapambano ya nguvu kuanza, zaidi ya nusu ya watoto wa skuli katika maeneo yenye maradhi walikuwa nayo. Mama zetu wanasimulia kuwa mtoto wa kiume akikojoa damu, wenzake walimcheka tu, wengine wakiona ni dalili ya kupevuka. Kwa mtoto wa kike hapakuwa na maneno kabisa. Damu ya mtoto wa kike ina jina jingine, na jina hilo halisemwi mbele za watu.

Kijiti cha kupimia urefu

Mwaka 1986 ulianza mpango wa kudhibiti kichocho Pemba, Wizara ya Afya ikishirikiana na Shirika la Afya Duniani, kwa kutumia vidonge vya praziquantel mashuleni. Mwaka 2000 ikafunguliwa Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri huko Wawi, Chake Chake, maabara yetu wenyewe iliyojengwa kwa msaada wa Wataliana. Hadi leo ndiyo uti wa mgongo wa kazi hii Pemba. Mwaka 2001 mkutano mkuu wa afya wa dunia uliweka lengo: angalau asilimia 75 ya watoto wa skuli walio hatarini wapewe dawa.

Kuanzia 2003 ikaja kampeni ya Piga Teke Kichocho, kwa ushirikiano na mpango wa kudhibiti kichocho wa Imperial College London. Sisi tulio katika miaka ya thelathini tunaikumbuka. Tulipangwa mstari kwenye uwanja wa skuli, tukasimamishwa kwenye kijiti chenye alama, na urefu wako ndio uliosema umeze vidonge vingapi. Vilikuwa vichungu. Mwalimu alisimama na ndoo ya maji, na hakuna aliyeruhusiwa kuondoka kabla ya kufungua mdomo. Kulikuwa pia na kitabu cha picha, Juma na Kichocho, kilichosomwa katika skuli za msingi za Unguja.

Sasa angalieni jina hilo. Juma. Katika vitabu na mabango ya zamani ya kichocho, barani Afrika kote, mgonjwa huwa ni mvulana anayeogelea. Mwanamke anayefua hutokea pembeni, kama sehemu ya mandhari. Hatusemi haya kwa kulaumu. Wavulana ndio waliocheza majini zaidi na ndio walioonekana kuugua zaidi. Lakini kitu kisichochorwa kwenye picha ni rahisi kusahauliwa kwenye hesabu.

Shehia 90

Ushirikiano mkubwa kuliko yote ulianza mwaka 2011. Kwa kifupi cha Kiingereza uliitwa ZEST, muungano wa kutokomeza maambukizi ya kichocho Zanzibar. Ndani yake walikuwemo Wizara ya Afya, maabara ya Wawi, Shirika la Afya Duniani, makumbusho ya historia ya viumbe ya London, taasisi ya maradhi ya kitropiki ya Uswisi, na wengine, kwa fedha zilizotoka zaidi Marekani. Lengo lilikuwa ndani ya miaka mitano: Pemba kichocho kisiwe tena tatizo la afya ya jamii, na Unguja maambukizi yakatike kabisa.

Wataalamu walichofanya kilikuwa cha busara. Hawakutaka kugawa dawa tu kisha wakapiga makofi. Walitaka kujua nini hasa kinachosaidia. Wakachukua shehia 90, 45 Unguja na 45 Pemba, wakazigawa mafungu matatu sawa kwa bahati nasibu. Zote zilipata vidonge mara mbili kwa mwaka, nyumbani na mashuleni. Fungu la kwanza lilipata vidonge peke yake. La pili liliongezewa dawa ya kuua konokono kwenye mito na mabwawa. La tatu liliongezewa elimu na ushirikiano wa jamii.

Fungu la tatu ndilo linalotugusa sisi. Humo wataalamu walikaa na wanakijiji, wakawauliza na kuwasikiliza, na mpango ukachorwa pamoja. Walimu wa skuli na walimu wa chuoni walifundishwa, wakawafundisha watoto. Ikaletwa michezo ya kuchezwa nchi kavu ili mtoto asilazimike kwenda mtoni kutafuta furaha. Vikajengwa vyoo vya haja ndogo. Vikajengwa pia vibaraza vya kufulia ili mama asisimame tena ndani ya maji.

Walimu wa madrasa waliifanya kazi hii kwa moyo, na mwaka 2016 ulichapishwa utafiti mzima juu ya mchango wao. Wala si ajabu. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikataza mtu kukojoa katika maji yaliyotuama kisha akaoga humo, na alionya juu ya kufanya haja kwenye vyanzo vya maji, njiani na kwenye vivuli wanapopumzika watu. Wazee wetu chuoni walitusomesha hayo katika mlango wa twahara, karne nyingi kabla ya mtu yeyote kumtazama konokono kwa darubini. Mtoto anayeambiwa na daktari mgeni "usikojoe mtoni" atasahau kesho. Akiambiwa na maalim wake, atamkumbusha hata mdogo wake.

Matokeo, na ugumu wake

Mwaka 2017 hesabu ilifungwa. Kichocho kilikuwa kimeshuka katika mafungu yote matatu. Katika shehia nyingi hakikuhesabiwa tena kuwa tatizo la afya ya jamii, maana waliokuwa na maambukizi makali walikuwa chini ya mtu mmoja katika kila mia. Alhamdulillah, hii ni neema kubwa, na watoto wetu wa leo hawaijui ile mikojo ya damu waliyoijua kaka zetu.

Lakini mambo mawili yalitokea ambayo hayapendezi kusemwa. La kwanza, maambukizi hayakukatika kabisa, si Pemba wala Unguja. La pili, mafungu matatu yalipolinganishwa, haikuonekana tofauti ya uhakika kati yao. Shehia zilizopata vidonge tu zilimaliza karibu sawa na zile zilizojengewa vibaraza na kufundishiwa walimu.

Ukisoma haraka utasema: basi ushirikiano wa jamii ulikuwa kupoteza fedha, wagawe vidonge tu. Kuna watu wamesema hivyo. Sisi tumelifikiri jambo hili siku nyingi na tunaona hukumu hiyo ni ya pupa, kwa sababu tatu.

Kwanza, maradhi yalikuwa tayari yamepungua sana mradi ulipoanza, kwa kazi ya miaka 25 iliyotangulia. Chumba kikishakaribia kuwa safi, ni vigumu kujua ufagio upi umefagia zaidi.

Pili, watu hawakai shehia moja kama nguo sandukuni. Mwanamke wa shehia ya vidonge anafua mto mmoja na mwenzake wa shehia ya elimu. Watoto wanahama skuli. Wanawake tunaolewa na kuhamia kwengine.

Tatu, na hili ndilo kubwa, inategemea unapima nini. Walihesabu mayai ya mnyoo kwenye mkojo, zaidi kwa watoto wa miaka 9 hadi 12, na kwa watu wazima pia. Kidonge kinaua mnyoo, kwa hiyo mayai yanapungua haraka. Elimu haifanyi kazi kwa kasi hiyo. Tafiti za ndani ya mradi zilionyesha kuwa watoto wa fungu la tatu waliyaelewa maradhi vizuri zaidi, na wengi walisema wamepunguza kuchezea na kufulia majini. Tunda la hayo linaonekana pale vidonge vinapokosekana. Na vilikosekana kweli. Baada ya mradi kwisha, ugawaji ulisimama kwa zaidi ya mwaka, na baadhi ya shehia za Pemba maradhi yakaanza kupanda tena. Ndipo mwaka 2020 ukaanza mradi mwingine kaskazini ya Pemba, wa kulenga hatua kulingana na hali ya maradhi ya kila shehia.

Kwa hiyo tukiulizwa kama ushirikiano ulifaa, tutajibu kwamba vidonge vilishusha maradhi, ila vidonge peke yake havikuyafukuza. Ambaye angeyafukuza ni jamii yenyewe, lakini jamii ilipewa miaka michache, kisha ikaachiwa vibaraza ivitunze bila fungu la matengenezo. Pampu ikiharibika, mama anarudi mtoni siku hiyo hiyo, kwa sababu nguo za watoto hazisubiri mkutano.

Na tusisahau fundisho la Misri. Huko, kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, kichocho kilitibiwa kwa sindano, kijiji baada ya kijiji, kwa nia njema kabisa. Sindano hazikuwa zikisafishwa ipasavyo, na utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kuwa kampeni ile ilichangia kueneza homa ya ini aina ya C kwa Wamisri wengi sana. Waliosimamia walihesabu waliodungwa. Hakuna aliyehesabu kilichoingia pamoja na dawa.

Aliyesahauliwa

Sasa turudi kwa dada yetu na gauni lake.

Sisi tumejifunza kushona, na jambo la kwanza tulilofundishwa ni kuwa gauni huharibika kwenye vipimo kabla mkasi haujagusa kitambaa. Ukimpima mtu kifua na urefu ukasahau kiuno, gauni litaonekana zuri kwenye henga, na mwenye nalo hataweza kulivaa.

Mayai ya kichocho hayatoki yote kwenye mkojo. Mengi hukwama mwilini. Kwa mwanamke yanaweza kukwama kwenye mlango wa kizazi, ukeni, na hata kwenye mirija ya uzazi, yakaleta vidonda, damu, maumivu na uchafu. Yanaweza kusababisha ugumba, mimba kutoka, au mimba ya nje ya kizazi, na vidonda hivyo vinahusishwa pia na hatari zaidi ya kuambukizwa virusi vya UKIMWI. Shirika la Afya Duniani limetaja makadirio ya wanawake na wasichana milioni 56 barani Afrika wenye hali hii. Na mwanamke anaweza kuwa na vidonda wakati mkojo wake hauonyeshi yai hata moja. Kwenye daftari la mradi ameandikwa mzima, na nyumbani kwake anaitwa mzinifu.

Tazameni pia ibada yake. Dada yetu alituambia kuwa kwa miezi mingi alikuwa akiacha sala na saumu kwa siku asizozielewa, akidhani ni hedhi. Masheikh wetu wanatufundisha kuwa damu ya maradhi ni istihadha, na hiyo haimzuii mwanamke kusali wala kufunga. Mwenye shaka amuulize mwanachuoni na daktari pia, kwa sababu mmoja anajua hukumu na mwengine anajua chanzo.

Kwa hiyo ushirikiano wa afya ukija tena kijijini kwetu, na utakuja, tuuulize maswali kama tunavyomuuliza fundi kabla ya kumpa kitambaa. Mnapima nini, na nani hamtampima? Je, mkunga wa kituo chetu amefundishwa kukijua kichocho cha kizazi? Kungwi na masomo wamealikwa kwenye mkutano, au ni masheha na walimu tu? Fedha zikiisha, nani atatengeneza pampu? Mtarudi lini kutuambia mlichokiona, kwa lugha yetu? Maswali haya si utovu wa adabu. Anayeuliza ndiye mshirika, na anayemeza tu ni mgonjwa.

Kwa bibi harusi

Kama umekulia kwenye shehia za mito na mabwawa, ukafua au kuoga humo utotoni, mwambie daktari kabla ya harusi, hata kama zamani sana ulimeza vidonge. Mnyoo mkubwa anaweza kuishi mwilini miaka mingi. Kama hujaolewa huna haja ya kuogopa kuchunguzwa mahali usipopataka. Historia yako ya maji ni jambo unaloweza kulieleza kwa maneno, na dawa ni vidonge vya kumeza, vinavyopimwa kwa uzito au urefu wako. Tangu mwaka 2002 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wameshauri kuwa hata mjamzito na anayenyonyesha wasinyimwe. Tibiwa mapema, kwa kuwa dawa inaua mnyoo lakini kovu la zamani huenda lisiondoke.

Ukiwa umeshaolewa na unaona damu baada ya tendo la ndoa, usijihukumu na usikubali kuhukumiwa. Nenda hospitali na utaje neno kichocho wewe mwenyewe, maana huenda anayekuhudumia halijamjia akilini. Uchunguzi wa maradhi mengine usiukatae, kwani damu ina sababu nyingi. Mpeleke na mume, asikie kwa masikio yake.

Na nyinyi kungwi na masomo, mnaokaa na bi harusi siku saba mkimfunda mambo ya chumbani, ongezeni swali moja tu: "Mwanangu, ulikuwa unafua wapi?"

Lile gauni hatujaliuza. Limetundikwa nyuma ya duka, ndani ya mfuko wake. Tumemwambia mwenyewe tutamtunzia, na kwamba siku atakayolihitaji tena, inshaallah, tutalipunguza au kulipanua bure. Allah amruzuku mwema wa kumstahi, awape shifaa wagonjwa wetu wote, na awalipe kheri wote waliotumikia afya ya visiwa hivi. Amin.